Kuvitambua Vinoo vya Kale vya Nyembe

Katika masanduku ya wazee huko Ulaya na Marekani, hata leo hupatikana wembe wa kukunja, na kando yake kijiwe laini kilichofunikwa na mafuta na vumbi. Warithi wengine hukitupa. Na wajanja nao huokota jiwe lolote wakalipa jina la kinoo cha thamani. Basi twaona yafaa kueleza alama chache, ili muuzaji asipunjwe wala mnunuzi asighuriwe.

Kwanza, uzee wa kinoo si ushahidi kuwa ni jiwe la asili. Mwaka 1891 Edward Acheson wa Marekani alivumbua karborandamu, na tangu hapo viwanda vikafanya vinoo vya punje zilizogandamizwa. Punje hizo hulingana na kumeta chini ya kioo cha kukuzia, na aghalabu kinoo hicho hufyonza maji upesi. Mawe mengi ya asili ya kunolea nyembe hayafyonzi hivyo.

Pili, jiwe lioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kwani mafuta ya kale huificha rangi. Kisha lisuguliwe kwa kijiwe kingine na maji kidogo, itazamwe rojo yake.

Kinoo cha Ubelgiji, kiitwacho kotikuli, huchimbwa karibu na Vielsalm katika nchi ya Ardennes. Rangi yake ni manjano iliyofifia, na rojo yake kama maziwa. Punje za garneti ndizo zilazo chuma. Mgongo wake mara nyingi ni jiwe la buluu, lililoungana nalo tangu mwambani au lililogandishwa kwa gundi.

Vinoo vya Thuringia, Ujerumani, huanzia kijani kilichopauka hata buluu ya kiza. Wauzaji wa jina la Escher, mjini Sonneberg, walivibandika karatasi yenye jina lao. Karatasi ikibanduka, rangi peke yake haitoshi, maana Wales pia hutoa mawe ya kijani na ya buluu.

Jiwe la Arkansas, Marekani, karibu lote ni kwatzi: ni gumu mno, rojo yake haba, na lililo safi hupitisha nuru ukingoni.

Alama zikigongana, hapana budi kusema wazi kuwa machimbo yake hayajulikani, na bei iwe ya jiwe lisilo na jina. Likiutia wembe makali mororo, mnunuzi hakupata hasara.