Visasili vya Kaskazini (Sehemu ya Tatu): Watoto wa Maalfa na Binadamu

Sehemu iliyopita tuliwaeleza maalfa wa Skandinavia ya kale: viumbe wazuri wa sura, wenye uchawi na makao yao vilimani, ambao watu waliwatolea sadaka majumbani. Msomaji wa pwani akiwafananisha na majini hatakosea sana, maana nao wamezaa na binadamu. Leo tuwatazame watoto hao.

Mashuhuri kuliko wote ni Skuld, ambaye habari zake zimo katika Hrólfs saga kraka, simulizi ya Kiaislandi juu ya wafalme wa Denmark. Usiku wa sikukuu ya Yule, wakati wa baridi kali, Mfalme Helgi alikuwa amelala peke yake, akasikia mlango ukigongwa kinyonge. Akaona si uungwana wa kifalme kumwacha maskini nje. Akaingia kiumbe mwenye matambara, tena akaomba kulala kitandani. Helgi akakubali shingo upande, akampa mgongo. Alipogeuka, alimkuta mwanamke mzuri ajabu, amevaa hariri. Kumbe alikuwa amelaaniwa na mama wa kambo, na wema wa mfalme ndio uliomfungua. Mwanamke akataka kwenda zake, Helgi hakumwachia. Asubuhi akamwambia kwamba watapata mtoto, na kwamba wakati kama huo mwakani aje kumchukua kwenye banda la mashua, la sivyo atakiona.

Helgi akasahau. Mwaka wa tatu mtoto akaletwa usiku hadi mlangoni. Mama yake akasema jina ni Skuld, na kwamba Helgi mwenyewe atanusurika kwa kuwa alimfungua laana, lakini jamaa zake watalipa kwa uzembe wake.

Wakalipa kweli. Skuld aliolewa na Hjörvarðr, mfalme mdogo aliyetozwa kodi na Hrólfr, mwana wa Helgi. Akamchochea mumewe aombe kodi icheleweshwe miaka mitatu, na kwa mali hiyo wakakusanya jeshi kimyakimya, maalfa wakiwamo. Wakaingia Lejre, makao ya Hrólfr, sikukuu ya Yule kana kwamba wanaleta kodi. Vita vilipopamba moto, watu wa Skuld waliouawa waliinuka wakapigana tena. Hrólfr na mashujaa wake wote wakafa.

Wapo wanaokisoma kisa hiki kama onyo juu ya damu iliyochanganyika. Sikubaliani nao. Ni kweli msimulizi anasema Skuld alikuwa katili tangu utotoni, lakini laana ilitamkwa kabla binti huyo hajatenda lolote, nayo ilitamkwa kwa sababu ya baba aliyemtelekeza.

Katika Þiðreks saga, iliyoandikwa Norway karne ya 13, Högni naye ni mwana wa alfa aliyemwendea malkia akiwa usingizini bustanini. Uso wake unatisha, ila ushujaa hakuna anayeutilia shaka.

Ngano za Iceland, alizozikusanya Jón Árnason na kuzichapisha mwaka 1862 hadi 1864, zinageuza mambo: huko alfa ndiye baba mwema. Msichana mmoja aliyechunga mifugo na kukamua maziwa mlimani kila kiangazi alipata mimba ya alfa, akajifungua kwa siri, na baba akamchukua mtoto akamlea mwenyewe. Baadaye msichana aliolewa kwa sharti moja: mumewe asipokee wageni wa majira ya baridi bila yeye kujua. Mume akalivunja. Akaja mwanamume na mvulana wake. Siku ya kuondoka, mke akalazimishwa kwenda kumuaga mgeni. Kumbe ndiye yule alfa; wakakumbatiana, wakafa papo hapo.

Huenda ngano za namna hii zilikuwa na sababu yake: tangu sheria ya Stóridómur ya mwaka 1564, zinaa ilikuwa kosa lenye adhabu kali Iceland. Kwa binti aliyekaa mlimani mbali na macho ya watu, kumtaja alfa kulikuwa na nafuu kuliko kumtaja mwanamume wa jirani.

Sehemu ijayo tutaeleza watoto walioibwa susuni na maalfa, na namna wazazi walivyowadai.