Kabla Hujalipia Mashine ya Gemu

Muuzaji wa Kariakoo atakutajia bei ya mashine tu. Pedi ya pili, gemu, bando na umeme utavijua ukishafika nyumbani.

Usikae ukisubiri bei ishuke. Zamani mashine ikizeeka bei ilishuka. Safari hii inapanda. Xbox Series S ilitoka mwaka 2020 ikiuzwa dola 299 Marekani. Mwaka 2025 ikafika 399. PS5 ya CD ilianza na 499, mwaka 2025 ikafika 549. Hapo bado usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka.

Ya bei ya chini kabisa ni PS3 iliyochipiwa, gemu zimejazwa ndani. Mtoto mdogo itamtosha. Mpenzi wa mpira ajue kwamba FIFA 19 ndiyo ya mwisho kutolewa humo, na baadhi ya mastaa wake wameshatundika daluga. Xbox 360 iliyotoka Marekani iangalie adapta: ikiwa ya volti 110, soketi zetu zitaiunguza siku hiyohiyo.

Series S ni ndogo, haina kelele, na umeme inakula kidogo. Tatizo haina sehemu ya CD. Kila gemu unaishusha mtandaoni, na kubwa moja huzidi GB 50. Huwezi kuazima CD kwa jirani wala kuuza uliyoichoka. Kama unategemea bando la simu, achana nayo.

Mimi hela yangu ningeiweka kwenye PS4 Slim ya mtumba. Gemu ya mpira ya FC 26 imetolewa humo, CD zilizotumika zipo, mafundi wanaijua. Siku ukipata PS5 yenye sehemu ya CD, hizohizo utazichezea humo.

Ila ijaribu palepale dukani. Weka CD, cheza robo saa, sikiliza feni. Tikisa kidogo waya wa HDMI. Picha ikikatika, tundu limelegea. Kisha achia pedi kabisa. Mchezaji akiendelea kutembea peke yake, hiyo pedi imekwisha, dai nyingine. Mwisho iunganishe na intaneti ya simu yako uone kama haijafungiwa. Muuzaji akikataa kukuwashia, nenda duka la pili.

Kucheza mtandaoni na wenzako kuna ada yake, isipokuwa kwa gemu za bure kama Fortnite. Kadi za kulipia lazima zilingane na nchi ya akaunti: ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na ukishaikwangua hakuna wa kukurudishia.

Umeme nao upige hesabu. PS5 hufika wati 200. Saa 4 kwa siku ni uniti 24 kwa mwezi. PS4 Slim ni kama 10. Walio kwenye tarifu ya TANESCO ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75, hizo 14 za tofauti zinaweza kuwavusha mstari.