Skizofrenia Nyingi Ndani ya Jina Moja

Msomaji wa Ifakara anauliza: malaria hupimwa kwa tone la damu, kwa nini kaka yake, anayechomwa sindano kila mwezi, aliambiwa ana skizofrenia kwa kuhojiwa tu?

Kwa sababu jina hilo huenda limebeba magonjwa kadhaa yanayofanana dalili. Watafiti wanajaribu kuyatenganisha kwa vitambulishi, yaani vitu vinavyopimika mwilini. (Wengine husema “alama za kibayolojia”, mimi hapo nafikiria chale za usoni.) Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitumia miondoko ya macho na umeme wa ubongo, wakapata makundi matatu yasiyofuata majina ya hospitalini. Sawa. Ila linalonifurahisha zaidi ni ugonjwa mmoja ambao tayari umechambuliwa ukatengwa.

Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza kisa cha wanawake waliorukwa na akili ghafla. Karibu wote walikuwa na uvimbe kwenye ovari, na ndani yake tishu za neva. Kinga ya mwili ilitengeneza kingamwili za kuushambulia, zikaishia kushika vipokezi vya NMDA ubongoni.

Chukua kivuko cha Kilombero kabla ya daraja. Kipokezi ni mtumbwi, abiria ni ujumbe wa kemikali. Kingamwili ina mikono miwili: inashika mtumbwi huu na ule, inaifunga pamoja. Haitoboi hata mmoja. Lakini seli ikikuta mitumbwi imefungwa hivyo, huivuta nchi kavu. Abiria wamefurika ukingoni, mto uko vilevile, cha kuvukia hakuna! Ketamini, dawa ya usingizi, huziba vipokezi hivyohivyo, nayo huleta njozi na hofu. Kingamwili zikipungua, mitumbwi hushushwa tena majini. Wengi hupona kwa dawa za kutuliza kinga na kwa kuondolewa uvimbe.

Kingamwili zinashukiwa hata kwenye ugonjwa mwingine. Ng’ambo ya mto huohuo, milimani Mahenge, miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alikuta kifafa kwa wingi, na watoto wanaotikisa kichwa. Mwaka 2017 ikaripotiwa kwamba baadhi ya watoto wa Uganda wenye hali hiyo wana kingamwili zinazoshika protini ya seli za neva inayofanana na ya minyoo ya usubi. Mjadala unaendelea.

Tukirudi kwa swali la msomaji, wa kutafutiwa kingamwili za NMDA ni aliyebadilika ndani ya wiki chache, hasa akiwa na degedege, kukakamaa au usemi unaopotea. Huchukuliwa damu pamoja na maji ya uti wa mgongo.