Waliokuja Kucheza Mpira Wasirudi Kwao

Msomaji mpenzi, kama wewe ni mpenzi wa kabumbu, basi bila shaka waukumbuka mwaka 2011. Mwaka huo Kombe la Kagame lilichezwa Dar es Salaam, na siku ya mwisho walikutana Simba na Yanga. Yanga wakapata bao moja, na kombe likawa lao. Bao lile lingali likizungumzwa hata leo, na pengine hata njiani watu wakitoka kanisani.

Lakini katika mashindano yale yale palitokea jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko lile bao, nalo wengi wamekwisha kulisahau. Kati ya timu zilizokuja ilikuwamo timu ya Red Sea, kutoka Asmara, mji mkuu wa Eritrea. Vijana wale walicheza mpira wao, na mashindano yao yalipokwisha wakatakiwa kurudi kwao. Siku ya kuondoka ilipofika, vijana 13 hawakuonekana. Hawakutekwa na mtu, wala hawakupotea njia. Walikusudia kubaki, na wakaomba hifadhi ya ukimbizi katika nchi yetu.

Je, ni nani awezaye kumwacha mama yake, na ndugu zake, na mji aliozaliwa, hali hana kitu mkononi ila mfuko mmoja na jozi ya viatu vya mpira? Swali hilo ndilo lililonifanya niandike habari hii.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2009 timu ya taifa ya Eritrea ilikwenda Nairobi kushindania Kombe la Chalenji, na wachezaji 12 hawakupanda ndege ya kurudi. Mwaka 2012, katika kombe hilo hilo, safari hii Kampala, walibaki wachezaji 17, na pamoja nao daktari wa timu. Hebu fikiri, hata yule aliyepewa kazi ya kuwatibu aliona heri abaki nao! Mwezi wa Oktoba 2015 walikwenda Francistown, Botswana, kucheza mchezo wa kufuzu Kombe la Dunia. Walifungwa 3 kwa 1, na baada ya hapo wachezaji 10 wakakataa kurudi.

Sasa tutazame sababu. Waeritrea walipigana na Ethiopia miaka 30, na mwaka 1993 wakapata uhuru wao. Mwaka 1995 ikatungwa sheria kwamba kila kijana, wa kiume na wa kike, alitumikie taifa kwa miezi 18. Jambo hilo peke yake si baya. Sisi nasi tuna JKT, na wengi wa wazee wetu waliopita huko husimulia kwa furaha. Lakini mwaka 1998 vita viliwaka tena juu ya mpaka, na vilipokwisha mwaka 2000 vijana hawakuachiliwa. Ile miezi 18 ikawa haina mwisho. Mtu aliingia akiwa kijana, akatumikia miaka kumi na zaidi, jeshini au katika kazi nyingine za serikali, kwa ujira usiotosha kuoa wala kumlisha mzazi. Na kutoka nje ya nchi pasipo kibali ni kosa la kufungwa.

Hapo ndipo utakapofahamu kwa nini habari hii ni ya wacheza mpira zaidi kuliko ya wakulima au mafundi. Mkulima akitaka kuondoka, hana budi kuvuka mpaka usiku kwa miguu, kisha jangwa la Sudan na Libya, kisha bahari, na wengi wamekufa humo. Mcheza mpira alipewa pasi ya kusafiri na serikali yenyewe, akapandishwa ndege mchana, akashushwa Nairobi au Dar es Salaam. Kwa wengine mashindano yale yalikuwa kombe la kushindaniwa. Kwake yeye yalikuwa mlango, na mlango ule hufunguka mara moja tu kwa mwaka, pengine mara moja katika maisha.

Mwaka 2015 ilikadiriwa kwamba watu kama 5,000 walikuwa wakiitoka nchi ile kila mwezi. Nayo ni nchi ndogo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwezi wa Mei 2014, maaskofu Wakatoliki wa Eritrea walitoa barua ya kichungaji juu ya vijana wanaokimbia, wakaipa jina la swali ambalo Mungu alimwuliza Kaini habari za Abeli: Yuko Wapi Ndugu Yako? Kuandika maneno hayo mahali kama pale si jambo jepesi.

Sisi wa Mwese hatuhitaji kufundishwa sana maana ya neno mkimbizi. Katika milima yetu hii yenye baridi waliletwa Wanyarwanda miaka ya 1960, wengine wakiwa wamepitia Kongo kwanza, wakapewa ardhi, wakalima mahindi na maharage, na mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere ikawafungulia mlango wa uraia. Huko Katumba na Mishamo wakaja Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wazee wetu hawakuja na viatu vya mpira. Walikuja na watoto mgongoni. Lakini ukimsimulia mzee mmoja wa hapa habari za wale vijana 13 atakuuliza swali ambalo magazeti hayakuuliza: Je, mama zao waliambiwa nini?

Swali hilo ni zito, kwa maana anayeondoka hivyo huwaacha nyuma watu wasioweza kujificha. Wachezaji wa Eritrea waliwahi kutakiwa waache dhamana ya fedha kabla ya kusafiri na timu. Na dhamana ile, kwa kijana asiyekuwa na mshahara, yatoka wapi isipokuwa kwa jamaa zake? Kwa hiyo mchezaji alipokaa hotelini usiku ule wa mwisho akiwaza, hakuwa akiwaza habari zake peke yake.

Upande wa pili wa dunia, katika kisiwa cha Cuba, mambo ya namna hii yameonekana kwa miaka mingi. Mchezo wao si mpira wa miguu ila besiboli. Mmoja hutupa mpira mdogo mgumu, mwenziwe huupiga kwa rungu kisha hukimbia. Waweza kuucheka ukiuona mara ya kwanza, lakini kwao ni kama Simba na Yanga kwetu. Baada ya mapinduzi ya Fidel Castro mwaka 1959, serikali iliondoa michezo ya kulipwa. Hodari wa kurusha mpira alipata ujira sawasawa na watumishi wengine, huku akijua kwamba ng'ambo tu ya mlango wa bahari, Marekani, wenzake walikuwa wakilipwa mamilioni. Na kwa kuwa Marekani nayo iliiwekea Cuba vikwazo vya biashara, timu za huko hazikuweza kumwajiri mtu aliye mkaazi wa Cuba. Hapana budi kwanza atoroke, akapate makazi katika nchi ya tatu, kama Mexico au Costa Rica, ndipo aandikiwe mkataba. Kati ya serikali hizo mbili zilizogombana wakaingia watu wa tatu, yaani wavushaji, ambao humchukua mchezaji kwa mashua usiku na kumdai sehemu ya fedha atakazopata baadaye. Wengine waliwatisha kwa silaha waliochelewa kulipa.

Nakusimulia habari ya mmoja tu, maana yanigusa. Orlando Hernández alikuwa mrushaji hodari wa Havana. Mwaka 1995 Liván, ndugu yake kwa baba, alitoroka timu huko Mexico. Orlando yeye alibaki nyumbani, lakini mwaka 1996 akafungiwa asicheze tena. Mwishoni mwa Desemba 1997 akapanda mashua pamoja na wenzake, wakakwama katika kisiwa kidogo cha Bahamas kisicho na watu mpaka walipookolewa. Mwezi wa Machi 1998 timu ya Yankees ya New York ikamwandikia mkataba wa dola milioni 6.6 kwa miaka minne, na mwaka huo huo akawa bingwa pamoja nao. Lakini mama yake na binti zake wawili walikuwa Havana. Ndipo Kardinali John O'Connor, Askofu Mkuu wa New York, alipompelekea Castro barua kwa mkono wa mjumbe, akiwaombea ruhusa. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa amekwisha kuzuru Cuba mwezi wa Januari mwaka ule. Castro akakubali. Mwezi wa Oktoba mama na watoto walipanda ndege, wakawahi kuwa New York siku ambayo mji ulikuwa ukiwashangilia mabingwa wake barabarani.

Desemba 2018 chama cha besiboli cha Cuba na ligi kuu ya Marekani walipatana kwamba wachezaji wapite mlangoni kwa mkataba, wasipite tena baharini. Serikali ya Marekani ikayafuta mapatano hayo Aprili 2019. Miezi minne tu!

Wapo pia wasiokimbia, ila hubadili bendera. Mkenya Stephen Cherono alikwenda Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka 2003 huko Paris akashinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika mbio zile zile ndugu yake alikuwa amevaa fulana ya Kenya. Kwa jambo hilo Wakenya waligawanyika, na sidhani kwamba wamepatana mpaka leo.

Usidhani, msomaji, kwamba nalaumu kila aendaye kucheza ugenini. Mwaka ule ule wa 2011, Mbwana Samatta aliondoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, hapo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015 akawa bingwa wa Afrika pamoja nao, Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akaenda Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Aliondoka kwa mkataba, na kila alipoitwa na Taifa Stars njia ya nyumbani ilikuwa wazi. Hata Eritrea wanaye wa namna hiyo: Biniam Girmay, mwendesha baiskeli, ambaye mwaka 2024 alishinda hatua tatu za mashindano makubwa ya Ufaransa, akavikwa fulana ya kijani, kisha akarudi Asmara akapokewa kwa shangwe.

Nisemapo mkataba nina sababu. Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu ni karatasi. Siku moja alikuja baba mmoja na simu ya mwanawe, akaniambia, "Mwanangu, nisomee." Ilikuwa barua kwamba kijana, mwenye miaka 16, amechaguliwa na timu ya Ulaya, ila alipe kwanza fedha za viza na za vipimo vya afya. Mhuri wake ulikuwa mzuri kuliko wetu wa parokia! Nilimwambia, "Mzee, timu ikimtaka mchezaji, timu ndiyo hulipa." Tena sheria ya FIFA yakataza kumhamisha nchi nyingine mchezaji asiyetimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhamia huko kwa ajili ya kazi isiyohusu mpira. Ng'ombe aliyekuwa auzwe angali zizini.

Na jambo hili wengi hawalijui: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, sehemu 5 katika kila 100 za bei yake hugawiwa timu zote zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Hata timu ndogo ya kata yaweza kudai, mradi iliandikishwa na jina la mtoto liliandikwa mahali panapotambulikana. Karatasi, ndugu zangu, karatasi!

Basi wale vijana wa Eritrea wamefikia wapi? Wengi wa wale wa Nairobi walipokewa Australia, katika mji wa Adelaide, na wawili wao, Samuel Ghebrehiwet na Ambes Sium, wakasajiliwa na Gold Coast United ya ligi kuu ya huko. Wale wa Kampala walipata makao Uholanzi, katika mji wa Gorinchem. Wale wa Botswana walipelekwa kambi ya wakimbizi ya Dukwi, na miaka ilipita wangali humo, wakifanya mazoezi pasipo timu ya kuwaita.

Na Eritrea yenyewe? Katika kufuzu Kombe la Dunia la 2026 ilipangwa kundi E, pamoja na Morocco, Zambia, Kongo ya Brazzaville, Niger na sisi Tanzania. Tulikuwa tuonane nao mara mbili. Mwezi wa Novemba 2023, kabla ya mchezo wa kwanza kuchezwa, walijitoa, na kundi likabaki na timu tano.