Ndege Ndogo ya Mbao: Kazi ya Mikono, Hesabu na Subira



Watoto wa Unguja hawakosi kitu cha kuunda. Mitaani utaona magari ya waya na makopo, na tiara zikipaa juu ya mapaa. Huko pwani utaona vijingalawa vyenye matanga ya nailoni vikishindana. Katika makala hii tunaeleza kazi iliyo hatua moja mbele ya hizo: kuunda ndege ndogo ya mbao ya balsa inayoongozwa kwa rimoti.

Wapo watakaouliza: huu si mchezo wa wenye fedha? Kwa nini vijana wa Amani wanaotafuta ajira wapoteze muda wao hapo? Swali hili ni la haki, nasi tunaanza nalo.

Faida yake ni nini?

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani ili kupata ramani mpya. Ndege hizo za aina ya eBee zina uzito wa kiasi cha gramu 700 tu, zimeundwa kwa povu, na hurushwa kwa mkono. Wanafunzi wa SUZA walikuwa miongoni mwa waliofundishwa kuzitumia. Mwaka 2019 chombo kingine kisicho na rubani kilitumika katika mashamba ya mpunga ya Cheju, kunyunyizia kimiminika kinachotanda juu ya maji ili kupunguza mbu wa malaria.

Kwa hiyo kazi ipo. Anayeunda ndege kwa mikono yake anajifunza kusoma mchoro, kupima kwa milimita, umeme mdogo, na sababu ya chombo kupaa au kuanguka. Elimu hiyo humsaidia hata akiishia kuwa seremala au fundi wa redio.

Balsa ni mbao gani?

Mbalsa huota Amerika ya Kusini na ya Kati, na balsa nyingi inayouzwa duniani hutoka Ekuado. Ni wa ukoo mmoja na mbuyu na msufi tunaowafahamu. Mbao yake ni nyepesi mno: kipande cha ukubwa wa mita moja ya ujazo huwa na kiasi cha kilo 160, wakati maji ya ujazo huo ni kilo 1,000. Neno balsa ni la Kihispania, na maana yake ni chelezo. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl na wenzake walisafiri kwa chelezo cha magogo ya balsa, Kon-Tiki, kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia kwa siku 101.

Hatua za kuunda

1. Fungua boksi na uhesabu vipande vyote kabla ya kukata chochote. Tandaza mchoro juu ya ubao ulionyooka kabisa, na uufunike kwa plastiki ili gundi isishike. Ubao ukipinda, bawa nalo litapinda.

2. Anza na bawa. Aliyewahi kuona jahazi likiundwa Nungwi ataelewa upesi: mbavu za bawa hupangwa kama mataruma ya chombo, na mhimili mrefu huzishikanisha. Zibane kwa pini juu ya mchoro, kisha tia gundi. Gundi ya mbao hukauka polepole na kukupa nafasi ya kusahihisha. Gundi ya haraka hushika mara moja, hivyo itumie penye hewa na uilinde isiguse macho na vidole.

3. Unga mabawa mawili yakiwa yameinuka kidogo nchani. Mwinuko huo huisaidia ndege kurudi sawa inapolala upande.

4. Unda kiwiliwili na mkia. Mkia una usukani wa kugeuza kushoto na kulia, na kibawa cha kupandisha na kushusha pua.

5. Piga msasa laini, kisha funika kwa plastiki nyembamba inayoshikishwa kwa pasi. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na balsa hunywa maji. Mbao isiyofunikwa huongezeka uzito na kupinda.

6. Funga mota, betri, kipokezi cha redio na mota ndogo zinazovuta usukani na kibawa.

Kabla ya kurusha

Hapa ndipo kazi ya wiki nyingi huokoka au hupotea. Kwanza, pima mizani. Inua ndege kwa vidole viwili chini ya bawa, kwenye alama iliyo katika mchoro. Kwa kawaida alama hiyo huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele. Ndege ikilala mkiani, sogeza betri mbele. Ndege nzito mkiani haitawaliki.

Pili, simama nyuma yake na usukume rimoti kulia. Usukani nao uende kulia. Ukienda kinyume, rekebisha kabla ya kwenda uwanjani.

Tatu, washa rimoti kwanza, ndege baadaye. Wakati wa kuzima, anza na ndege. Usisimame mbele ya propela, kwani hukata kidole. Betri za lithiamu zisichajiwe bila mtu kuziangalia, kwani huweza kuwaka moto.

Mahali na ruhusa

Amani si mahali pa kurusha. Nyumba zimebanana, watu ni wengi, na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume hauko mbali. Ndege ya gramu mia chache inaweza kuhatarisha ndege iliyobeba abiria. Kikundi kiulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) na serikali ya mahali kuhusu vibali, kabla hata ya kununua vifaa. Kisha kitafute eneo la wazi, mbali na uwanja wa ndege, nyumba na nyaya za umeme. Asubuhi mapema ndiyo saa nzuri, kwani kusi likishika kasi ndege nyepesi hupeperushwa.

Kwa kikundi chenye fedha kidogo, tunashauri boksi moja kwa vijana wanne au watano, wavulana kwa wasichana, na fundi seremala wa mtaani awe mwalimu wao. Ndege ya kwanza huenda ikaanguka. Ikianguka, kusanyeni vipande vyote. Balsa huungika vizuri kwa gundi, na kijana aliyeiunda mwenyewe atajua pa kuanzia.