Mchujo wa Wagombea na Mizani ya Vita vya Ugenini

Kiswahili kina namna mbili za kumtaja mtu anayejitosa katika ugomvi usiokuwa wake. Akiingia ili kuwaamua wapiganao, twasema ameingilia kati. Akiingia kwa kiherehere au kwa tamaa, twasema ameingilia mambo ya watu. Kitenzi ni kile kile, lakini maneno yanayokifuata ndiyo yanayompa mtu sifa au lawama. Mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu naona kwamba siasa yote ya vita vya ugenini imo katika tofauti hiyo. Serikali inayopeleka askari ng'ambo hudai kuwa inaingilia kati, ilhali wapinzani wake hudai kuwa inaingilia yasiyoihusu. Mwamuzi wao ni mpiga kura, na aghalabu huanza kuamua mapema, katika kura za mchujo.

Tuitazame Marekani, ambako mchujo hufanywa jimbo baada ya jimbo. Mnamo Januari 1968, majeshi ya Vietnam ya Kaskazini na wapiganaji wa Vietcong waliishambulia miji ya kusini kwa mpigo. Tarehe 12 Machi mwaka huo, katika jimbo la New Hampshire, Rais Lyndon Johnson alipata takriban asilimia 49 ya kura za chama cha Democratic, naye Seneta Eugene McCarthy, aliyevipinga vita hivyo, akapata asilimia 42. Kwa hesabu Johnson alishinda. Kwa siasa alikuwa ameanguka. Tarehe 31 Machi alitangaza kuwa hangegombea tena.

Wengi walihitimisha kuwa New Hampshire ilikuwa imepigia amani kura. Watafiti waliochunguza maoni ya wapiga kura baadaye walibaini jambo la ajabu: wengi kati ya waliomchagua McCarthy walimlaumu Johnson kwa kutopigana kwa nguvu za kutosha. Katika isimu twafundisha kwamba ishara moja yaweza kubeba maana zinazopingana. Kura nayo ni ishara ya namna hiyo. Hutuambia kwamba watu hawakuridhika, lakini haitwambii walitaka nini.

Miaka mingi baadaye suala la Iraq lilidhihirisha ukweli huo. Mnamo Oktoba 2002 Baraza la Seneti lilimpa Rais George W. Bush idhini ya kutumia nguvu kwa kura 77 dhidi ya 23. Hillary Clinton alikuwa miongoni mwa walioiunga mkono. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya na ambaye wakati huo alikuwa katika seneti ya jimbo la Illinois, alivipinga vita hivyo hadharani mjini Chicago. Ulipofika mchujo wa 2008, Obama alimkumbusha mpinzani wake kura hiyo mara kwa mara. Tarehe 3 Januari 2008 alishinda Iowa, na Clinton akawa wa tatu.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba kupinga vita ndiko kunakoleta ushindi. Mnamo 2004 John Kerry, aliyekuwa ameunga mkono idhini ile ile, alimshinda Howard Dean aliyevipinga vita tangu mwanzo. Na mwaka huo huo wa 2008, John McCain alipata tiketi ya Republican huku akitetea kuongezwa kwa askari nchini Iraq. Kisha Februari 2016, katika mdahalo uliofanyika South Carolina, Donald Trump aliwaambia Warepublican kuwa vita vilivyoanzishwa na rais wa chama chao vilikuwa kosa kubwa. Juma moja baadaye alishinda jimbo hilo.

Basi faida ya mchujo ni ipi? Neno lenyewe latokana na kuchuja, kama mpishi achujavyo tui la nazi. Mchujo hauwezi kutuhakikishia mgombea mwenye hekima, lakini humlazimisha kila mgombea aeleze alisema nini, alipiga kura gani na kwa nini.

Hapo ndipo ninaposikitika nikitazama kwetu. Mnamo Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Litazameni jina hilo kwa jicho la sarufi: kitenzi cha kuamrisha, na nomino isiyotaja nchi hiyo ni ya nani. Nani angethubutu kupinga amri kama hiyo? Lakini michujo ya vyama ilipofanyika Januari 2013, nilisikia habari za maeneo, koo na karatasi za kura. Habari za Somalia sikuzisikia. Januari 2016 askari wetu waliuawa El Adde. Michujo ya 2017 nayo ikapita vivyo hivyo. Juni 2024 polisi wetu wakatua Haiti.

Yamkini mtu atasema kuwa mambo ya usalama ni siri, na mwananchi wa kawaida hayajui. Lakini Kifungu cha 240 cha Katiba ya 2010 kinataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje kwa shughuli za amani. Maadamu Bunge lina sauti, anayeomba tiketi ya ubunge anastahili kuulizwa ataitumiaje sauti hiyo.

Nawaomba walimu na wanafunzi waanze kazi hiyo darasani. Chukueni hotuba ya mgombea yeyote, mtafute vitenzi vyake: nani anaingilia, anaingilia nini, na nani atakayezikwa? Mgombea asiyeweza kujibu swali la tatu asipewe tiketi.