Mwanza–Bukoba: Nauli ya Ndege Inanunua Saa Ngapi?

Wafanyabiashara wa Nyamagana wenye wateja Bukoba wana njia tatu za kuwafikia: ndege, meli na barabara. Tangu Juni 19, 2025, lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, hesabu ya njia hizo imebadilika, na inafaa ifanywe upya.

Tuanze na anga. Kutoka uwanja wa Mwanza hadi wa Bukoba ni kilomita zipatazo 175 kwa mstari ulionyooka, sehemu kubwa juu ya Ziwa Victoria. Ndege ya panga boi aina ya ATR ikishatulia angani huenda kilomita 500 hivi kwa saa, kwa hiyo umbali huo ungekwisha kwa dakika 21. Haiwi hivyo. Kuna kupanda, kushuka na kujipanga kutua, na abiria akae tayari kwa dakika 35 hadi 45.

Lakini mfanyabiashara halipii dakika za angani peke yake. Uwanja wa Mwanza uko Ilemela, kilomita kama 10 kutoka katikati ya jiji, na abiria hutakiwa kufika mapema kwa ukaguzi. Ukijumlisha yote, kutoka mlango wa duka hadi mlango wa mteja ni karibu saa 3, endapo ndege itaondoka kwa wakati. Kama ratiba haina ndege ya kurudi siku hiyohiyo, ongeza chumba cha kulala wageni.

Meli, kwa upande wake, husafiri usiku na kufika asubuhi. Ni polepole, ndiyo, ila saa zake huliwa wakati duka limefungwa. Kwa mtu anayekwenda kukusanya madeni na kurudi na mikungu ya ndizi, meli haimpotezei hata saa moja ya kazi. Wenye haraka ya kweli ni wengine: mwenye kipuri cha mashine iliyosimama, au mnunuzi wa vanila, zao jepesi lenye thamani kubwa kwa kilo.

Barabara ndiyo ndefu, zaidi ya kilomita 400 kupitia Geita na Biharamulo, kwa sababu inalizunguka ziwa. Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo ilikula hata saa 2. Sasa gari linavuka daraja hilo la kilomita 3 kwa dakika chache, na mwenye lori anaweza kumwahidi mteja siku ya kufika bila kubahatisha.

Hali ya hewa nayo ina bei yake. Novemba 6, 2022, ATR ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Majini pia kuna kumbukumbu chungu, ya MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996 karibu na Mwanza na kuua mamia. Rubani akiamua kusubiri mawingu yapungue, abiria asimlaumu. Mwenye miadi ya malipo Bukoba asubuhi, hasa miezi ya mvua, asafiri jana yake.